Mama Alikuwa Anaongea na Karatasi? Siku Moja Roma na Swali la Sanamu



Tangu nirudi Karatu kutoka Jubilei ya Vijana, wengi mmeniuliza mbona siandiki chochote kuhusu safari ya Roma. Picha niliweka, za umati wa Tor Vergata na za Papa Leo XIV akipita, ila maandishi hakuna. Ukweli ni kwamba siku iliyonigusa kuliko zote haikuwa ya umati. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 31 Julai 2025. Mimi na wenzangu watatu tulipata nafasi ya kuzunguka wenyewe, tukaingia makanisa matatu ya zamani sana. Lakini siwezi kueleza siku hiyo bila kueleza kwanza kilichotokea nyumbani kwetu Rhotia. Nimeomba ruhusa kwa mdogo wangu, amekubali, mradi nisimtaje jina.

Mama yetu alifariki mwaka 2023. Sebuleni kwake, juu ya redio, palikuwa na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, ile ya karatasi yenye fremu ya mbao ambayo mmeiona katika nyumba nyingi za Wakatoliki huku kwetu. Kila usiku kabla ya kulala mama alisimama mbele yake. Alisali Kiiraqw, kwa sauti ya chini, akitaja majina yetu mmoja mmoja, na kama kuna ng'ombe mgonjwa naye alitajwa. Wiki mbili baada ya mazishi nilitoka kazini nikakuta ukuta mtupu. Mdogo wangu aliokoka akiwa Arusha na sasa anasali kanisa jingine. Alikuwa ameishusha picha na kuiweka nyuma ya kabati, uso ukiangalia ukuta. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu bila ukali wowote: "Kaka, mama alikuwa anaongea na karatasi. Mimi nataka nyumba hii iwe safi."

Sikumjibu kwa Maandiko. Nilimjibu kwa maneno ambayo baadaye nilikwenda kuyaungama. Nikaichukua ile picha, nikaifunga kwenye kanga ya mama, nikaondoka nayo hadi chumbani kwangu Karatu mjini. Kwa zaidi ya mwaka tulisalimiana tu, kama watu waliokutana stendi.

Na kilichoniuma zaidi, nikisema kweli, ni kwamba sikuwa na jibu. Nimebatizwa mtoto, nimepata Kipaimara, niko VIWAWA, halafu mtu akiniuliza "mbona mnapigia magoti sanamu wakati Kutoka 20 imekataza?" najikuta napandisha sauti tu. Najua siko peke yangu. Kwenye magari ya kazini, vyuoni, hata kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo, swali hili tunaulizwa kila wiki.

Sasa twende Roma.

Tulianzia Basilika ya Santa Maria Maggiore, kwa sababu ya Mlango Mtakatifu na kwa sababu ya kaburi la Papa Fransisko. Foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Kaburi lenyewe ni jiwe la kawaida lenye neno moja tu, Franciscus. Karibu yake ni kikanisa chenye picha ya kale ya Bikira Maria amembeba Mtoto, inaitwa Salus Populi Romani, maana yake Afya ya Watu wa Roma. Papa Fransisko alikuwa na desturi ya kwenda kusali mbele ya picha hiyo kabla ya kila safari ya kitume nje ya Italia, na akirudi anapitia tena kushukuru. Nikasimama pale nikamkumbuka mdogo wangu. Je, Papa naye alikuwa anaongea na ubao?

Juu ya kuta za kanisa hilo kuna mozaiki. Kwa ambaye hajawahi kuziona: mozaiki ni picha inayotengenezwa kwa kupanga vipande vidogo sana vya kioo na mawe ya rangi kwenye lipu mbichi, maelfu kwa maelfu. Vingine vimepakwa dhahabu ndani ya kioo, na havikai sawasawa, vimeinamishwa kidogo ili mwanga wa mshumaa ukipita viwake kwa zamu. Zile za ukutani ni za wakati wa Papa Sisto III, aliyeongoza Kanisa mwaka 432 hadi 440, muda mfupi tu baada ya Mtaguso wa Efeso wa 431 uliomtangaza Maria kuwa Mama wa Mungu. Ile kubwa nyuma ya altare, Yesu akimvika Mama yake taji, ni kazi ya Jacopo Torriti ya miaka ya 1290. Nzuri sana, lakini iko juu mno, na shingo yangu ilichoka haraka. Tukatoka.

Dakika chache tu kwa miguu unafika Santa Prassede. Mtaani hutajua kama ni kanisa la maana. Mlango wake wa pembeni uko kwenye kichochoro, ungeweza kupita ukidhani ni stoo. Ndani ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko popote katika safari ile.

Kanisa hilo lilijengwa na Papa Paskali I, aliyekuwa Papa mwaka 817 hadi 824. Wakati huo lile swali la mdogo wangu lilikuwa linaua watu. Tangu miaka ya 720 na 730, kaisari Leo III wa Konstantinopoli alikuwa ameanza kupiga vita picha takatifu. Picha zilichomwa, za ukutani zikapakwa chokaa, wamonaki waliozitetea wakapigwa, wakafungwa, wengine wakauawa. Mwaka 787 Mtaguso wa pili wa Nisea ukaamua kwamba picha takatifu zirudishwe, lakini mwaka 815 kaisari mwingine, Leo V, akaanza upya. Wamonaki wa Kigiriki waliokimbia mateso walifika Roma, na Papa Paskali akawapokea, akawapa makao hapohapo Santa Prassede. Kwa hiyo wakati mafundi wanapanga vioo vya ukuta ule, kwenye nyumba ya jirani walikuwa wanalala watu waliofukuzwa kwao kwa sababu ya picha kama zile. (Vita yenyewe iliisha mwaka 843, chini ya malkia aliyeitwa Theodora. Likumbuke jina hilo, maana nitamtaja Theodora mwingine sasa hivi.)

Nyuma ya altare Yesu amesimama katikati, mawingu mekundu na ya buluu chini ya miguu yake. Kushoto na kulia wako Petro na Paulo, na kila mmoja amemleta dada mmoja: Praksede na Pudensiana, mabinti ambao mapokeo yanasema walizika miili ya mashahidi wa Roma. Nilichopenda ni mikono. Mitume wamewawekea hao mabinti mkono begani, kama unavyomshika rafiki yako mgeni unapomwingiza kwa watu asiowajua. "Usiogope, twende, huyu ndiye." Nimewaongoza wageni miaka saba sasa, na ishara ile naifahamu.

Pembeni kabisa amesimama Papa Paskali mwenyewe, ameshika mfano mdogo wa kanisa lake. Watakatifu wengine wana duara la nuru kichwani. Yeye lake ni la mraba, kama dirisha. Maana yake ni kwamba picha ilipotengenezwa alikuwa bado hai. Hakuna aliyejua ataishiaje, hivyo hawakumpa duara. Nimelifikiria sana lile dirisha la mraba tangu siku ile, hasa asubuhi nikiwa sijisikii kusali.

Upande wa kulia kuna kikanisa kidogo sana, cha Mtakatifu Zeno. Pembeni kuna kisanduku, unatumbukiza sarafu taa zinawaka, muda ukiisha zinazima. Tuliingia kukiwa giza. Dada mmoja katekista tuliyekuwa naye, mwenyeji wa Mbulu, akatumbukiza sarafu, na dari lote likawaka dhahabu. Malaika wanne wamesimama pembe nne, mikono juu, wamembeba Yesu katikati. Hakuna mahali pa kupumzisha macho, kila upande ni uso unakuangalia. Na ukutani, miongoni mwa wanawake watakatifu, yuko mama mmoja mwenye nuru ya mraba, ya buluu. Jina lake limeandikwa: Theodora. Ni mama mzazi wa Papa Paskali. Kikanisa kile mtoto alikijenga kwa ajili ya mama yake.

Taa zikazima. Nikabaki nimesimama gizani, na sikutaka mtu aniangalie.

Hapo nikamkumbuka mzee mmoja, mgeni niliyempeleka Ngorongoro miaka michache iliyopita. Asubuhi ile tulisimama pale ukingoni, mahali wageni wote wanaposimama kuitazama kreta kwa mara ya kwanza. Ukungu ulikuwa umeziba kila kitu, ikabidi tusubiri. Ulipofunguka, chini mita 600 ukaanza kuonekana msitu wa Lerai na ziwa la magadi. Wageni wengine wakainua simu. Yeye akatoa pochi, akachomoa picha ndogo ya mwanamke, ya zamani, kona zimekunjika, akainyoosha mbele kuelekea bondeni akaishikilia hivyo kama dakika nzima. Baadaye aliniambia walikuwa wamepanga kuja pamoja miaka ishirini, mkewe akafa kabla. Nilivua kofia. Hakuna mtu kwenye gari lile aliyedhani mzee anaamini mke wake ni karatasi. Na hakuna aliyethubutu kumwambia airudishe mfukoni.

Kwa nini basi nilikubali mama yangu aambiwe hivyo, nami nikakosa neno?

Makanisa mengi Roma hufungwa mchana. Tulipofika San Clemente, upande wa Kolosseo, tukakuta mlango umefungwa. Tukakaa kwenye kivuli na chupa za maji, tukafungua Biblia kwenye simu. Saa nzima na zaidi ile ndiyo ilikuwa somo langu, na mwalimu alikuwa yule katekista. Nawaandikia tulichosoma ili na ninyi mfungue wenyewe.

Tulianza na Kutoka 20:4, andiko analolitumia mdogo wangu. Linakataza kujifanyia sanamu ya kuchonga na kuisujudia. Halina utata. Lakini sura tano tu mbele, Kutoka 25:18-20, Mungu yuleyule anamwamuru Musa atengeneze makerubi wawili wa dhahabu, awaweke juu ya sanduku la agano. Kama kila umbo lililotengenezwa ni dhambi, Mungu amejipinga ndani ya kitabu kimoja. Kisha Hesabu 21:8-9, nyoka wa shaba: aliyeumwa akimtazama anapona. Na Yesu mwenyewe, katika Yohane 3:14, anamchukua yule nyoka kuwa kielelezo cha kuinuliwa kwake msalabani.

Mimi nikafurahi, nikasema basi, tumemaliza, huyu nitamshinda. Yule dada akanitazama. "Kaka, soma na sehemu inayokuuma wewe. 2 Wafalme 18:4."

Nikasoma. Mfalme Hezekia anamvunjavunja yule nyoka wa shaba, nyoka yuleyule wa Musa, kwa sababu watu walikuwa wanamfukizia uvumba. Kitu kilichoamriwa na Mungu kilikuja kuharibika mikononi mwa watu, na mfalme mwema akakivunja. Biblia inamsifu.

Tukakaa kimya. Nikafikiria rosari iliyoning'inia kwenye kioo cha gari langu la kazi. Mgeni aliwahi kuniuliza ni ya nini, nikamjibu ni kwa ajili ya safari salama. Nilikuwa nimeisali lini mara ya mwisho? Miezi. Ile haikuwa sala, ilikuwa hirizi yenye msalaba. Mdogo wangu amepanda gari lile mara nyingi, ameiona, na hajawahi kuniona nikiigusa zaidi ya kuifuta vumbi. Sasa kama anafikiri Wakatoliki wanategemea vitu, amejifunza wapi?

Yule dada akasema jambo jingine ambalo sikuwahi kulifikiria: Kiswahili chetu nacho kinatuchanganya. Sanamu ni neno moja tunalolibebesha mizigo mingi. Mungu wa uongo ni sanamu, Mtakatifu Antoni wa plasta ni sanamu, na yule asiye na kichwa anayevalishwa nguo dukani ni sanamu. Na Ijumaa Kuu wengi tunasema tunakwenda "kuabudu msalaba", wakati anayeabudiwa pale ni Msulubiwa. Mtaguso wa Nisea ulitenganisha mambo haya kwa uangalifu: kuabudu ni kwa Mungu peke yake, picha inapewa heshima, na heshima ile haibaki kwenye ubao wala kwenye rangi, inakwenda kwa yule aliyechorwa. Ukitaka kusoma zaidi, Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaeleza hili namba 2129 hadi 2132. Katikati ya hoja yote ni umwilisho. Katika Agano la Kale hakuna aliyekuwa ameona uso wa Mungu, ungemchoraje? Lakini Neno alifanyika mtu, akaonekana, akashikwa mkono, akala samaki. Mtakatifu Yohane wa Damasko ndiye aliyelisukuma hili kwa nguvu zaidi, na aliweza kuandika bila kuogopa mkono wa kaisari kwa sababu aliishi chini ya utawala wa Waislamu, ambako kaisari alikuwa hamfikii. Historia ina vituko vyake.

Mwenzetu mmoja akauliza: haya yote si mambo ya Wazungu? Swali zuri, na jibu ni hapana. Nubia, kwenye mto Nile, mahali panapoitwa Faras, palikuwa na kanisa kuu lililojaa michoro ya karne za kati. Wataalamu wa Poland waliitoa kwenye mchanga mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla maji ya bwawa la Aswan hayajafunika eneo lile, na leo imegawanywa kati ya Warsaw na Khartoum. Mmoja wa waliochorwa ni Askofu Petros, Mnubi, ngozi nyeusi kama yangu, na nyuma yake amesimama Mtume Petro amemshika mabega. Mkono begani tena! Na Ethiopia wanasali hadi leo Lalibela katika makanisa yaliyochongwa ndani ya mwamba karne nyingi zilizopita.

Mlango ukafunguliwa.

San Clemente iko chini ya Wadominikani wa Ireland tangu mwaka 1677, na ni kama makanisa yaliyopandana. Ukilipia tiketi unashuka. Kanisa la juu ni la karne ya 12. Chini yake kuna jingine la karne ya 4, lililokuwa limefukiwa hadi padre Joseph Mullooly alipoanza kuchimba mwaka 1857. Chini zaidi ni nyumba za Warumi wa kale, na huko unasikia maji yanapita gizani. Huko chini kabisa kuna altare ya Mithra, mungu aliyeabudiwa na Warumi, amechongwa anachinja fahali. Hiyo ndiyo sanamu kwa maana ya Kutoka 20. Wakristo waliojenga juu yake walichora na kupamba sana, lakini Mithra walimwacha hukohuko chini.

Katika kanisa la kati mna mchoro wa karne ya 11 uliotuchekesha. Bwana mmoja anaitwa Sisinio anawaamuru watumishi wake wamfunge na kumburuta Mtakatifu Klementi. Wamepumbazwa macho, wanaburuta nguzo ya jiwe wakidhani ni yeye, na matusi anayowatukana yameandikwa ukutani kwa Kiitaliano cha mtaani, miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya lugha hiyo. Matusi, kanisani! Sitayatafsiri.

Lakini ni juu, nyuma ya altare, ndipo nilipopata cha kurudi nacho. Ni mozaiki ya karne ya 12. Yesu yuko msalabani, amekufa, macho yamefumba, mama yake na Yohane wako pembeni. Juu ya msalaba wametua njiwa weupe kumi na wawili, mitume. Kutoka chini ya msalaba unachipuka mti unaotambaa na kujikunja ukajaza ukuta mzima kwa matawi ya kijani juu ya dhahabu, na maandishi ya chini yanaeleza kwamba Kanisa ni kama huu mzabibu, uliokuwa umekauka na msalaba ukaufanya kuwa mbichi tena. Chini inatoka mito minne, na wanyama wenye pembe za matawi wanakunywa. Mimi na macho yangu ya kazini nikaanza kuwachambua: pembe za swala wetu hazina matawi namna hii. Ni ayala, yule wa Zaburi ya 42, ambaye huku kwetu hatunaye.

Nilivyowafundisha wageni wangu kreta ndivyo nilivyofanya: usipige picha kwanza, angalia, subiri, vitu vitajitokeza. Na vikajitokeza. Ndani ya mikunjo ya ule mti kuna watu. Kuna wachungaji na mifugo yao. Kuna mama mmoja analisha kuku. Na kuna walimu wanne wakubwa wa Kanisa wamekaa na vitabu: Agustino, Yeronimo, Ambrosi na Gregori.

Yule dada akaniambia habari za huyo Gregori, na nadhani Mungu alinipeleka Roma kwa ajili ya hiyo. Papa Gregori Mkuu, kama mwaka 600, aliandika barua kwa Sereno, askofu wa Marseille. Sereno aliona waumini wanaabudu picha kanisani, akazivunja. Gregori anamsifu kwa upande mmoja: umefanya vema kutotaka kitu kilichotengenezwa kwa mikono kiabudiwe. Kisha anamkemea: hukupaswa kuvunja, kwa sababu asiyejua kusoma anasoma ukutani yale asiyoweza kuyasoma kitabuni. Waumini wengi walikuwa wamejitenga na askofu wao kwa hasira, na Papa anamwagiza awaite, awatulize, awaeleze taratibu.

Mama yangu aliishia darasa la pili. Ile picha ya Moyo Mtakatifu ndiyo iliyokuwa kitabu chake. Na mimi nilipomkuta Sereno wetu nyuma ya kabati sikumwita wala kumweleza. Nilichukua picha nikaondoka.

Kesho yake, tarehe 1 Agosti, kwenye uwanja wa Circo Massimo, palikuwa na mapadre wengi wakiungamisha vijana kwa lugha mbalimbali. Niliungama upya jambo lile, safari hii bila kutaja kosa la mdogo wangu hata kidogo.

Niliporudi Karatu nilimpigia simu, akaja chumbani kwangu jioni. Sikumfungulia mjadala. Nilimwonyesha kadi ya posta ya ile mozaiki ya San Clemente, nikampikia chai. Aliiangalia muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akaisogeza karibu na taa.

"Huyu mama anayelisha kuku ni nani?"

"Hana jina."

"Sasa anafanya nini hapo, chini ya msalaba?"

"Analisha kuku wake."

Akacheka kidogo, akasema amekaa kama mama. Nikamwomba msamaha kwa maneno ya siku ile. Naye akasema hakupaswa kuishusha peke yake bila kutuuliza, ingawa kuhusu sanamu bado hajakubaliana nami. Ile kadi aliondoka nayo. Picha ya mama bado iko kwangu, kwenye kanga yake, na hatujaamua itatundikwa wapi. Rosari nimeitoa kwenye kioo cha gari, iko mfukoni, na barabara ya kutoka lango la Lodoare hadi ukingoni inatosha mafumbo matatu kama wageni wamelala.

Jumapili hii tumepanga kusoma pamoja 2 Wafalme 18, sura nzima, yeye akitoka kwenye ibada yake na mimi nikitoka Misa ya kwanza. Ugali ni zamu yangu.